Kabla ya kugawa cha marehemu

Tuwachukue wajane watatu wa kata moja ya Moshi Vijijini. Kila mmoja ameachiwa watoto, nyumba na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa, na hakuna mume aliyeandika wosia. Wa kwanza ni Mkristo. Mahakama ikiridhika kwamba mumewe aliishi Kikristo na kuachana na mila, atapata theluthi moja, kwa sheria ya India ya 1865 tuliyoirithi kwa Waingereza. Wa pili, Mwislamu, atapata thumuni. Wa tatu, mirathi ya mumewe ikiamuliwa kimila, huenda asipate kitu. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, lililoandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe.

Wote watatu ni raia wa nchi ambayo Katiba yake inasema haina dini, na kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Tumezoea kubishana kama sheria ya dini ipewe nafasi serikalini. Madai ya Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara yalilitikisa Bunge hadi 2015. Mjadala huo ni halali, lakini huku Mlima Kilimanjaro haugusi kidonda. Mjane haondolewi kihambani kwa aya ya Biblia wala ya Kurani. Kihamba hufuata wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, na safari ya Mahakama ya Mwanzo huanza na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane anapofika kwa hakimu, mashemeji wamekwisha kusema. Kwa mjane Mwislamu thumuni ni ngao: shemeji anaweza kuichukia, hawezi kusema haimo katika Kurani.

Sheria ya serikali nayo si safi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, ilikiri kuwa kanuni za 1963 zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Dola isiyo na dini ndiyo inayoushikilia ubaguzi huo kwa muhuri wake.

Mwislamu mcha Mungu atauliza: mnataka kugusa mafungu aliyoyaweka Mungu? Hapana, na hakuna haja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka. Kwa nini mke aliyeachwa ahesabiwe jasho lake, na aliyefiwa asihesabiwe? Aliyepalilia kahawa na kubeba majani ya ng'ombe miaka thelathini ana mali yake ndani ya kihamba kile, na mali ya mtu aliye hai si mirathi. Itengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha marehemu, nacho kigawanywe kwa Kurani, kwa sheria ya Wakristo au kwa mila iliyoondolewa ubaguzi.

Bunge liliziweka ndoa zote chini ya sheria moja mwaka 1971, bila kuwanyang'anya mchungaji na sheikh kazi yao ya kufungisha. Wabunge wa Vunjo, Rombo, Hai, Siha na Moshi, upelekeni mswada wa mirathi.