Upande wa Giza wa Mwezi: Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa tafsiri zilizojipenyeza katika Kiswahili bila kuhojiwa ni kauli "upande wa giza wa mwezi". Anayeisikia huelewa kuwa mwezi umegawika nusu mbili, moja ya nuru ya daima na nyingine isiyopata kuliona jua. Nusu ya namna hiyo haipo. Ukiondoa vina vya mashimo fulani karibu na ncha zake, kila mahali mwezini hupata takriban majuma mawili ya mchana na majuma mawili ya usiku. Kilichopo ni upande usioelekea dunia, na upande huo hupigwa na jua sawa na huu unaoonekana. Usiku ule ambao mwezi hauonekani kabisa, kabla haujaandama, ndipo upande huo unapoangazwa wote. Mwezi unapokuwa mpevu, giza huwa huko nyuma. Jamii ambayo imehesabu siku zake kwa mwandamo karne na karne haikupaswa kulikosa jambo hili.

Kosa hilo lina mzazi wake, nalo ni dai kwamba mwezi haujizungushi. Hoja inayotolewa ni nyepesi: ikiwa uso ni ule ule kila usiku, basi mwezi umetulia. Ukweli ni kinyume chake. Mwezi hujizungusha mara moja kwa siku 27.3 hivi, muda ule ule unaouchukua kuizunguka dunia. Mwenye shaka na autafute mbuyu, asimame kusini mwake akiuelekezea uso, kisha auzunguke bila kuupa mgongo. Atakapoanza atakuwa ametazama kaskazini. Akifika mashariki mwa mti atakuwa anatazama magharibi. Akifika kaskazini atatazama kusini. Atakaporejea alipoanzia atakuwa ametazama pande zote nne, yaani amejizungusha mara moja kamili. Kama asingejizungusha, mbuyu ungeona uso wake, ubavu wake na hata mgongo wake.

Yamkini lugha yenyewe, au tuseme uvivu wa watumiaji wake, imechangia mkanganyiko huu. Nomino "mzunguko" hubebeshwa maana zote mbili, ile ya kuzunguka kitu kingine na ile ya kujizungusha kwenye mhimili. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa "mzunguko wa mwezi ni siku 27" hana njia ya kujua ni upi unaokusudiwa. Ilhali mofolojia ya Kiswahili ilikwisha kulitatua tatizo hili zamani. Mwezi huizunguka dunia, mwezi hujizungusha. Kiambishi -i- cha mtendwa na kiambishi -ji- cha kujirejelea vinatenganisha bayana dhana ambazo vitabu vinazichanganya. Hapana haja ya kubuni neno jipya. Inatosha nomino "mzunguko" iachiwe njia ya kuizunguka dunia, na "kujizungusha" kutumike panapostahili.

Ulinganifu wa nyakati hizo mbili si sadfa. Nguvu zile zile za uvutano zinazoleta bamvua na maji mafu katika pwani ya Lamu na Mombasa hufanya kazi pande zote mbili: mwezi huyavuta maji ya dunia, na dunia huuvuta mwamba wa mwezi. Hapo kale mwezi ulijizungusha kwa kasi zaidi. Mvuto wa dunia uliupunguza mwendo huo hatua kwa hatua hadi ukalingana na ule wa kuizunguka dunia.

Wapo watakaoitetea kauli ya "giza" kwa kusema kuwa inatumika kisitiari, kwa maana ya kisichojulikana. Utetezi huu ulikuwa na nguvu kabla ya Oktoba 1959, wakati chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipoupiga picha upande huo kwa mara ya kwanza. (Picha, ikumbukwe, zilizopigwa kwa mwanga wa jua.) Mwaka wa 1968 wanaanga wa Apollo 8 waliuona kwa macho yao, na Januari 2019 chombo cha Uchina, Chang'e 4, kilitua huko. Sitiari ya kutojulikana imekwisha muda wake, ila dhana potofu ingali hai.

Badala yake Kiswahili kina neno lililo tayari: kisogo. Mwezi unaielekezea dunia uso. Upande wa pili ni kisogo chake. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayedhani kisogo cha mtu kina giza kwa sababu tu aliye mbele yake hakioni. Istilahi hii inafaa hata kwa jambo dogo zaidi: mwezi huyumba kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa, hivi kwamba baada ya muda mtazamaji wa duniani huweza kuona asilimia 59 ya sura yake, mashavu yakiwamo. Atakayelalamika kuwa viungo vya mwili havifai katika sayansi na aeleze anavyovumilia "mkono wa bahari" na "kitovu cha tetemeko".

Juni 2024 Chang'e 6 ilirudi na karibu kilo mbili za mchanga na mawe kutoka huko, shehena ya kwanza ya aina yake. Kichwa cha habari kilichofaa kilikuwa kifupi: "Mchanga wa Kisogo cha Mwezi Wafika Duniani".