Risala ya Wanafunzi wa Ualimu wa Masomo Mawili, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wakuu wa vitivo na wakuu wa idara,
Walimu wetu, na wanafunzi wenzetu,



Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Sisi ni wanafunzi wa shahada ya ualimu, mwaka wa pili na wa tatu. Kila mmoja wetu anasoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na Elimu: wapo wa Kiswahili na Historia, Kiswahili na Jiografia, Biolojia na Kemia, Fizikia na Hisabati. Hatukuja kuomba tupunguziwe somo. Tunayapenda yote mawili na tunataka kuyajua barabara. Kilio chetu ni kwamba chuo kinatudahili kwa masomo mawili, kisha kinaendesha mambo yake kama vile kila mwanafunzi ana somo moja.

Tuanze na ratiba, maana hapo ndipo tunapoumia zaidi. Muhula huu, Jumanne saa nne asubuhi, watu wa Kiswahili wana mhadhara wa Mofolojia. Saa hiyohiyo Jiografia wana mazoezi ya kusoma ramani. Mwenye masomo hayo mawili anasaini mahudhurio ya Mofolojia, anasikiliza nusu saa, anachukua begi na kutoka kwa mlango wa nyuma. Anavuka uwanja wenye vumbi hadi jengo la pili, na huko anakuta vikundi vimeshagawana ramani, wenzake wamemaliza vipimo na wako kwenye kontua. Anachungulia kazi ya jirani, ananakili majibu. Wiki inayofuata anafanya hivyohivyo. Mwisho wa muhula ana saini kamili huku na huku, na nusu ya somo hapa na nusu pale. Wenzetu wa sayansi wana hali hiyo katika maabara za mchana, na kemikali haimsubiri mtu aliyechelewa.

Tumekwenda kulalamika. Idara ya kwanza ikasema ratiba yake haina tatizo, tukaone idara ya pili. Ya pili ikatujibu vivyo hivyo. Hakuna aliyetudanganya: kila idara, ukiitazama peke yake, ratiba yake imenyooka.

Kwenye mitihani jambo hili linakuwa zito. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alipangiwa karatasi mbili za mtihani wa mwisho kwa wakati mmoja. Akaambiwa afanye moja, nyingine aisubiri pamoja na wenye sapu. Hakuwa amefeli kitu. Alibaki mjini likizo nzima akilipia geto bila bumu, akisubiri mtihani ambao alikuwa tayari kuufanya siku ileile. Mheshimiwa, hili lilituuma sana, na hatutaki limpate mwingine.

Chanzo chake tunakiona. Idara ya Kiswahili inatuita watu wa Elimu. Idara ya Jiografia nayo inatuita watu wa Elimu. Ukienda Elimu unaambiwa mambo ya masomo yaulize kwenye masomo. Hakuna ofisi ambayo mwanafunzi wa masomo mawili anaweza kuingia akaambiwa, karibu, wewe ni wetu.

Na kusoma masomo zaidi ya moja si jambo la kubahatisha katika nchi hii. Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere alifundisha Biolojia na Kiingereza pale St. Mary's, Tabora. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisoma shahada yenye masomo mengi: uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Alihitimu mwaka 1952. Makerere yenyewe iliendesha kwa miaka mingi mfumo wa masomo matatu mwaka wa kwanza na mawili katika miaka miwili iliyofuata. Upana huo ulitambuliwa kuwa ni elimu kamili, na mwanafunzi alipangiwa njia ya kuupata.

Shule zetu nazo zinaudai. Ukifika fildi katika shule ya kata huko Bahi, Chamwino au Manyoni, mtaaluma akishakusalimu swali lake la kwanza ni: "Mwalimu, masomo yako mawili ni yapi?" Ana vidato vinne na walimu wachache, na unakabidhiwa vipindi vya yote mawili siku hiyohiyo. Msimamizi kutoka chuoni anapokuja, anakaa nyuma ya darasa la somo lake, anajaza fomu, anaondoka. Wengi wetu tumerudi kutoka fildi somo la pili halijaonwa na mtu hata kipindi kimoja. Basi hatujui kama tunalifundisha vizuri, na watoto wale ndio wanaolipia kutojua kwetu.

Lipo pia suala la masomo gani yaambatane. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano na sita, 49 kati yake zikiwa mpya. Sekondari imefungua milango, lakini orodha ya jozi za masomo hapa chuoni ni ileile ya zamani. Kijana anayetaka Kiswahili na Kompyuta, au Muziki na Kiingereza, anaambiwa jozi hiyo haipo, ingawa walimu wa masomo hayo yote wapo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunadai ratiba ya mihadhara na mitihani ipangwe mezani pamoja na idara zote zinazotufundisha, na isitangazwe kabla haijapimwa kwa kila jozi ya masomo. Tunadai awepo mratibu mmoja wa wanafunzi wa masomo mawili, mwenye ofisi na mamlaka ya kubadili ratiba. Mwanafunzi ambaye karatasi zake zimegongana kwa kosa la ratiba afanye zote ndani ya kipindi kilekile cha mitihani. Fildi isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka masomo yote mawili yawe yameonwa darasani. Hati ya matokeo iyataje masomo yote mawili kwa majina, maana nafasi za walimu hutangazwa kwa somo, na mwenye shahada isiyotaja somo huanza safari kwa kujieleza. Orodha ya jozi nayo ipitiwe upya, wanafunzi tukiwemo katika kamati.

Mengine yanahitaji fedha na tunaelewa kuwa yatachukua muda. Ratiba haihitaji fedha. Tunaomba hiyo iwe tayari kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na majibu ya haya mengine tuyapate kwa maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.