Kitambi na Haki ya Unyumba

Juma hili tunagusa jambo linalofichwa na wanandoa wengi hapa Musoma, Bunda na Butiama: mume kupungukiwa nguvu za tendo la ndoa, au mke kupoteza hamu, ilhali chanzo kimo katika unene na kisukari.

Wazee wetu walikwenda shambani na ziwani kwa miguu, wakala kwa kiasi ugali wa muhogo na mtama kwa samaki. Leo bodaboda hutufikisha hata dukani, na jioni tunakula chipsi na soda. Kitambi tukakiita neema.

Mishipa ya damu iendayo kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta na sukari vikizidi katika damu, mishipa myembamba ndiyo hutangulia kuathirika. Hivyo udhaifu wa chumbani waweza kuwa onyo la maradhi ya moyo yanayokuja. Aidha, kisukari huharibu neva, na mafuta ya tumboni hupunguza homoni ya kiume. Kwa mke, unene huweza kuvuruga hedhi na uzazi, na kisukari humletea fangasi za mara kwa mara na ukavu, hata tendo likawa maumivu.

Kwa kutojua haya, mke humshuku mumewe kuwa ana mwingine, na mume hudhani amerogwa. Wapo wanaofikia talaka kabla hata sukari haijapimwa. Wengine hununua vidonge vya nguvu kwa siri. Navyo, vikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo, huteremsha shinikizo la damu kiasi cha kuua.

Mwenyezi Mungu hakutufungia mlango. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walitangaza matokeo ya wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Miongoni mwa waliofundishwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi, baada ya miaka 2 takriban theluthi moja walirejewa na nguvu zao.

Basi tuanze nyumbani. Pimeni kiuno: mume asizidi sentimita 94, mke 80. Nendeni wote wawili hospitali mkapime sukari na shinikizo la damu. Tukumbuke mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kugawa tumbo theluthi tatu: chakula, maji na pumzi. Tutembee kwa miguu kwenda msikitini. Funga ya Jumatatu na Alhamisi ni msaada mkubwa, ila anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza.

Kuutunza mwili ni amana, na kumtimizia mwenzako haki yake ni ibada. Kabla ya kulaumiana, tukapime.

Wabillahi tawfiq.