"Na wengine wengi" ni akina nani?

Fungua kitabu chochote cha Kiswahili kilichotoka miaka hii, nenda ukurasa wa shukrani. Mungu ameshukuriwa kwanza, sawa kabisa. Anafuata mheshimiwa aliyeandika dibaji, profesa fulani, mchapishaji, kisha mke au mume "kwa uvumilivu wake". Halafu inakuja ile sentensi: "na wengine wengi ambao siwezi kuwataja wote hapa."

Jamani, hamwezi au hamtaki? Kitabu kina kurasa mia mbili, nafasi ya majina matano imekosekana? Ukichunguza utakuta hao "wengine wengi" ndio hasa waliotufanya tuandike: bibi aliyetusimulia hadithi za Sungura, mwalimu wa darasa la nne, muuza vitabu vya mtumba aliyetukopesha na asidai. Aliyetufaa kweli hana jina, ila aliyekuja siku ya uzinduzi kukata utepe anapewa mstari mzima pamoja na vyeo vyake. Hiyo si shukrani, ni kujikomba.

Najua nitajibiwa kwamba shukrani iko moyoni. Eti moyoni! Huko nani anaisoma? Shukrani ya punda ni mateke, na sisi tumejifunza kupiga teke kwa adabu.

Mtazameni Shaaban Robert. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, katika familia ya kimaskini, na jina alilopewa ni Mtumwa. Alitembeza vyungu akiuza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sahani zake zikasikilizwa pwani nzima. Alifariki 1950. Mtu kama yule, mwanamke na fukara wa shamba, ndiye hasa ambaye historia humtupa kwenye "wengine wengi". Shaaban Robert angeweza kumaliza wino wake kwa kumsifu sultani au gavana. Akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu kizima, si mstari! Na hata hivyo deni halijaisha: wangapi kati yetu, tukimsifu Siti, tunakumbuka kuwataja Subeit bin Ambar na Budda bin Mwendo waliokuwa naye kwenye kundi?

Mimi mwenyewe si msafi. Katika kitabu changu cha kwanza, mwalimu wangu wa Kiswahili nilimtupa humo humo kwenye "wengine wengi". Ndiye aliyenipa Kusadikika kutoka kwenye rafu ya nyumbani kwake, bila kuandika popote, akaniambia nirudishe nikimaliza, si nikichoka. Kitabu changu kilipotoka alikinunua kwa bei ya dukani, nami sikuwa hata nimempelekea nakala. Akanipigia simu. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hongera, ila kuna makosa manne ya herufi," akanitajia na namba za kurasa.

Basi alikisoma chote. Na ukurasa wa shukrani aliusoma.

Usiku ule sikulala vizuri. Hakuna mhakiki aliyewahi kuniumiza vile, na yeye hakuwa na nia ya kuniumiza.

Kwa hiyo nasema hivi. Waandishi, wekeni majina, tena wakiwa hai. Maiti hasomi ukurasa wa shukrani. Mkiogopa kwamba mtamsahau mtu, msahauni mheshimiwa, atapona. Na nyinyi wahariri, mkiiona ile sentensi, ifuteni, mrudishieni mwandishi mswada wake na swali moja: akina nani?

Langu nimelianza. Nimemwomba mwalimu ruhusa ya kuliweka jina lake mstari wa kwanza katika toleo la pili. Amekubali, kwa sharti moja: nimpelekee kwanza ukurasa huo ausahihishe.