Pikseli yako ina upana gani?

Hebu tuambiane ukweli. Hizi kozi za wikendi za "jua GIS kwa siku mbili" zinatoa wabofyaji, si wachambuzi. Fungua QGIS, ingiza rasta (si ya nywele, tulieni), bofya hapa, chagua nyekundu, hifadhi. Jumapili jioni una cheti na ramani ya mafuriko ya Nairobi. Jumatatu iko mtandaoni na watu wanakupigia makofi.

Sasa uliza tu mwenye ramani: pikseli yako ina upana gani? Kimya.

Wengi hutumia data ya mwinuko ya SRTM kwa sababu ni ya bure, na hakuna ubaya. Lakini pikseli yake ni kama mita 30 kwa 30, na ndani yake kuna namba moja pekee. Ilipimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na mara nyingi hiyo rada ilisoma paa na matawi ya miti, si udongo. Haya, twende Mathare. Mwaka 2024, mafuriko yalipopiga, serikali iliagiza watu wahame mita 30 kutoka mtoni, na nyumba zikabomolewa. Mita 30! Upana wote wa huo ukanda ni pikseli moja ya ramani yako. Kibanda cha mama mboga, choo, kichochoro, ukingo wa mto, vyote vimepewa mwinuko mmoja. Alafu wewe unachora mstari ati huyu yuko hatarini, jirani yake yuko salama. Umejuaje?

Kuna na ule ujanja wa kupunguza pikseli ziwe za mita 3. Moja inazaa 100. Lakini chapati moja ukiikata vipande 100, bado ni chapati moja. Programu inakisia namba za katikati, ramani inalainika, na mto haujui.

"Tuanze na kubofya, nadharia itakuja." Itakuja lini? Nimeona mtu akipima mteremko data ikiwa bado kwa nyuzi za latitudo na longitudo, mwinuko ukiwa kwa mita. Karibu kila mahali ikatoka nyuzi 90. Nairobi yote ukuta! Na hakushtuka, akaenda kuchagua rangi. Kuipeleka kwanza UTM kanda 37 Kusini ni kazi ya dakika moja.

Mimi nasema saa ya kwanza ya kozi laptopu zifungwe. Karatasi na kalamu. Pikseli ya Sentinel-2: nyekundu 0.05, infraredi ya karibu 0.45. Toa, upate 0.40. Jumlisha, upate 0.50. Gawanya: NDVI ni 0.8, hapo kuna mimea imestawi. Mkufunzi wako akishindwa na hiyo hesabu, dai pesa zako kabla ya chai ya saa nne.