Mama Akisema Mwanawe Anashtuka, Asikizwe

Hakuna mtu anayekaa na mtoto mchanga saa nyingi kumshinda mama aliyemzaa, na kwa sababu hiyo hakuna shahidi aliye bora kuliko yeye juu ya yale yanayopita katika mwili ule mdogo. Walakini imekuwa ada yetu, mijini na mashambani, kwamba mama huyo akija na habari ya kuwa mwanawe anatikisa kichwa, au anarusha mikono, au anajikunja na kujikunjua kwa namna asiyoielewa, wa kwanza kumnyamazisha ni wale wale aliowakimbilia kutaka rai. Mama mkwe humwambia, "Hilo chango tu, mwanangu, litapita." Shoga yake wa nyumba ya pili humwambia kwa sauti ya chini ampeleke kwa mganga kabla hajapelekwa hospitali, kwa kuwa mtoto amepitiwa na dege na sindano itamdhuru. Na tabibu wa zahanati, ambaye foleni imemchosha tangu alfajiri, humpima mtoto joto, akaona hana homa, akamtazama usoni, akamwona anacheka, basi akamrudisha mama nyumbani kwa maneno mawili: atakua tu.

Maneno hayo aghalabu huwa ya kweli, na ukweli wao wa mara nyingi ndio unaoyafanya yawe ya hatari siku yasipokuwa ya kweli.

Mtoto mwenye siha njema hurudiarudia harakati nyingi, na lau wazazi wangalielezwa hilo tangu wodi ya uzazi, wengi wangalipunguziwa jitimai isiyo na sababu. Katika miezi ya mwanzo, ukimlaza ghafla au mlango ukibamizwa, hutandaza mikono yake yote miwili, akafumbua vidole, kisha akaikusanya mikono kifuani kama atakaye kukumbatia, pengine na kilio juu yake; Ernst Moro, tabibu wa watoto wa Heidelberg nchini Ujerumani, alilieleza jambo hilo mwaka 1918 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake, nalo hufifia kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 na kwa kawaida huwa limetoweka mtoto afikapo miezi 6. Mwingine hushtukashtuka viungo akiwa usingizini, mara mkono, mara mguu, na akiamshwa tu mishtuko yote hukatika. Mwingine hutetemeka kidevu na mikono akilia, na mama akiushika mkono ule kwa upole mtetemeko hukoma. Hayo hayana madhara, ila kwamba mtoto wa siku za mwanzo atetemekaye mara kwa mara ni wajibu apimwe, maana huenda ni upungufu wa sukari katika damu, ambao dawa yake ni rahisi na kucheleweshwa kwake ni ghali.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Esther Thelen, mtaalamu wa mambo ya makuzi, aliwafuata watoto 20 wasio na maradhi katika mwaka wao wa kwanza, akawa anawatazama kila baada ya wiki mbili, na katika maandiko aliyoyachapisha mwaka 1979 aliorodhesha namna 47 za harakati za kurudiarudia, kama vile kupiga mateke, kupunga mikono, kudundadunda na kuyumba. Lenye faida kubwa kwetu katika kazi yake ni kwamba harakati hizo zilikuja kwa zamu, kila moja karibu na wakati ambapo viungo vyenyewe vilikuwa vinajiandaa kwa kazi mpya. Mtazame mtoto wa miezi 7 aliyejiinua juu ya mkeka kwa mikono na magoti: anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma, goti halijapiga hatua hata moja, macho yake ameyakaza kwenye kijiko kilichoachwa mbele yake, na ukimwita husita, akageuka, akacheka, kisha akaendelea na shughuli yake. Huyo anajifunza kutambaa. Kadhalika wako wanaoyumbisha mwili au kugongagonga kichwa kwenye mto wakati wa kusinzia, desturi ambayo huanza aghalabu katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza na kwa watoto walio wengi huisha yenyewe kabla ya miaka 3. Wala harakati hizo peke yake hazimfanyi mtoto kuwa na usonji, kama wengi wanavyoogopa siku hizi. Lililo la kuangaliwa ni kama mtoto hakutazami usoni, haitiki jina lake, na mwaka unamwisha hajatoa sauti za kuigiza maneno wala hajanyoosha kidole kuonyesha kitu.

Sasa iko harakati nyingine, adimu lakini si ngeni, ambayo kwa sura yake yaweza kuchanganywa na hizo zote, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mtoto wa miezi 5 ameamka, yumo mapajani mwa mama yake, hana homa, amekwisha kunyonya. Mara kichwa kinainama mbele, mikono inaruka upande huu na huu, magoti yanapanda tumboni. Ni sekunde 1 au 2, kisha mwili unalegea. Mama anadhani ameshtushwa na kelele. Zinapita sekunde 10, pengine 20, na mwili unajikunja tena vile vile, kwa kipimo kile kile, ilhali nyumba ni kimya na hakuna aliyegusa mlango. Kisha tena, na tena, mfululizo wa dakika kadhaa, na baina ya mkunjo na mkunjo mtoto hulia kilio kifupi. Hakuna povu mdomoni wala mtetemeko wa mwili mzima. Kumwita hakuuzuii, kumbeba hakuuzuii, kumshika mkono hakuuzuii. Mfululizo ukiisha hurejea kunyonya kana kwamba halikutokea lolote, na kesho yake, akiamka, unarudi. Hiki ni kifafa cha utotoni cha namna ya pekee, ambacho kwa makadirio ya matabibu humpata mtoto 1 katika kila 2,000 hadi 3,000, na walio wengi huanza baina ya miezi 3 na 12. Mikunjo ile midogo ni dalili ya vurugu kubwa katika ubongo, na vurugu hiyo isipotulizwa mapema hupokonya yale mtoto aliyokwisha kuyapata: tabasamu hupotea, macho huacha kumfuata mama, shingo iliyokuwa imekaza hulegea.

Aliyeyaandika maradhi haya kwanza alikuwa mzazi. William James West, tabibu wa Tonbridge katika mkoa wa Kent, Uingereza, mwaka 1841 alilipelekea jarida la The Lancet barua juu ya mwanawe mwenyewe, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, akaeleza jinsi kichwa kilivyokuwa kikiinama mpaka magotini na kuinuka, mara 10 hadi 20 au zaidi kwa kila mfululizo, na mfululizo wenyewe haukuzidi dakika 2 au 3. Akaorodhesha dawa zote za zama zake alizozijaribu bila mafanikio, akawaomba matabibu wenzake, yeyote mwenye ilimu ya jambo hilo, amsaidie. Matabibu wa Kiingereza wa zama hizo waliita mikunjo hiyo salaam, kwa namna mtoto anavyoinama. Hapakuwa na msaada. Yule mtoto aliishi na ubongo uliodhurika na akafariki akiwa kijana. Barua ile imebaki, na kila nikiifikiria huona kwamba nguvu yake haikutoka katika ilimu ya West, kwa kuwa ilimu ya wakati ule haikumfaa kitu. Ilitoka katika kutazama kwake. Alihesabu. Aliangalia saa. Alieleza lililotangulia na lililofuatia.

Tofauti ya zama zake na zetu ni kwamba leo dawa ipo. Mwaka 1958 matabibu wawili wa Ubelgiji, Sorel na Dusaucy-Bauloye, walitangaza kwamba homoni iitwayo ACTH ilituliza mikunjo hii, na tangu hapo imedhihirika kwamba vidonge vya prednisolone kwa kiasi kikubwa hufanya kazi ya namna hiyo, nayo ni dawa ya bei nafuu inayojulikana katika maduka yetu ya dawa kwa wagonjwa wa pumu. Iko pia vigabatrin, ambayo kwetu ni adimu. Nasema haya kwa hadhari, kwa maana sitaki mzazi yeyote akainunue prednisolone akampa mtoto kwa kukisia: kwa kiasi hicho hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha kinga ya mwili, na haifai kutolewa ila chini ya macho ya daktari. Lakini nataka ijulikane kwamba phenobarbital, ambayo ndiyo wapewayo watoto wengi wa kifafa katika vituo vyetu, kwa kawaida haiizuii mikunjo hii, na mtoto aweza kuimeza miezi mingi huku wazazi wakiamini anatibiwa. Katika maradhi haya wiki zina thamani. Anayeanza dawa mapema ana matumaini mema zaidi kuliko aliyecheleweshwa, hususan yule ambaye ubongo wake haukuwa na kasoro nyingine kabla yake.

Na tazama ni lini maradhi haya hubisha hodi. Mtoto wa kwetu huchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha chanjo ya surua humngoja miezi 9. Katika mwanya huo, ambao ndio umri wa hatari kuu, mama aliyerejea shambani, sokoni au ofisini huanza kupunguza safari za kliniki, kwa kudhani kwamba kupima uzito si jambo la kupotezea siku. Basi macho ya muuguzi hukosekana wakati ule ule yanapohitajika. Tena kwa kuwa mikunjo huanza baada ya chanjo kupita, wapo wanaoitupia chanjo lawama, ilhali umri wa maradhi haya ni ule ule tangu siku za West, kabla chanjo hizi hazijatungwa.

Neno la degedege nalo limetuponza. Sisi tumelizoea kwa maana ya mtoto mwenye homa kali, aliyekakamaa, macho juu, na kila mhudumu wa afya amefundishwa kuwa hiyo ni dalili ya hatari isiyongoja. Mtoto asiye na homa, anayeinama na kuinuka sekunde 2 kisha akanyonya, hafanani na picha hiyo, kwa hiyo hukosa jina, na kisicho na jina hakiandikwi katika kadi.

Kwa hiyo naomba mambo mepesi. Mama akiona mikunjo inayorudi kwa mfululizo, hasa mtoto akiamka, asihangaike kuieleza kwa maneno peke yake. Achukue simu apige video, mwili mzima uonekane, nguo nzito zivuliwe, taa iwashwe, na asiache kurekodi baada ya mkunjo wa kwanza, kwa sababu ushahidi wenyewe umo katika kule kurudi. Aandike saa. Siku ile ile aende kituoni, na muuguzi asiseme mtoto mbona hafanyi sasa; aitazame video hadi mwisho, na kama yeye haijui mikunjo hiyo, aitume video kwa daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa au ya rufaa, maana vipimo vya umeme wa ubongo vimo katika hospitali chache, na video yaweza kufika huko kabla ya mtoto kupata nauli.

Nasi akina baba tusijitoe katika jambo hili. Katika nyumba nyingi simu yenye kamera ni moja, nayo hushinda mfukoni mwa baba kazini tangu asubuhi, saa ambazo mtoto huamka na kulala na kuamka. Mke akisema kuna jambo ameliona, simu na ibaki nyumbani siku hiyo, na nauli ya kwenda hospitali itengwe kabla ya kujulikana kama ilikuwa lazima.