Kasongo: Kabla ya kukubali kadi yako «ifomatiwe», uliza kwanza

Katika vibanda vya kuchaji simu na vya fotokopi hapa Kasongo, na hata Kabambare, vijana wanaleta flashi na kadi memori ili wawekewe nyimbo, filamu na michezo. Siku hizi michezo inaongezewa vitu: jezi za timu, sura za wachezaji, magari, barabara. Anayetaka kuona jezi ya AS Maniema Union katika mchezo wake ni lazima aongeze mafaili, na mchezo unazidi kuwa mzito.

Hapo ndipo shida inapoanza. Kadi ya giga 16 iko tupu nusu, lakini inakataa faili moja ya giga 5. Wengi husema kadi imekufa au ina virusi. Sivyo. Kadi nyingi za giga 32 kwenda chini zimepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, uliokuja mwaka 1996 wakati wa Windows 95. Katika mtindo huo ukubwa wa kila faili unaandikwa kwa nafasi 32 tu za hesabu, kwa hiyo faili moja haiwezi kufika giga 4 kamili. Nafasi iliyobaki kwenye kadi haibadilishi kitu.

Mwenye kibanda anayejua kidogo anaifomati kadi kwa mtindo mwingine, exFAT au NTFS. Faili inaingia, lakini vyote vilivyokuwa ndani vimefutwa. Kisha unakuja mtego wa pili: simu nyingi za zamani hazisomi mitindo hiyo, na Windows XP haisomi exFAT bila kuongezewa programu. Ukipeleka kadi kwenye ordinateri ya namna hiyo, inauliza kama uifomati. Mtu anabonyeza ndiyo, anapoteza mara ya pili.

Kuna watakaosema huo ni mchezo wa watoto, watu wana shida ya chakula na usalama. Ni kweli shida hizo ni kubwa zaidi. Lakini katika familia iliyokimbia kijiji, simu moja inatumiwa na baba, mama na watoto. Kadi ambayo kijana anataka kuwekea mchezo ndiyo yenye picha ya kadi ya uchaguzi, ya cheti cha kuzaliwa, ya bulletin za shule, na sura ya jamaa ambaye hajulikani aliko. Karatasi zenyewe zilibaki nyumbani au ziliungua. Mchezo unaweza kupatikana tena kesho, picha hiyo hapana.

Kwa hiyo wenye vibanda wajiwekee sheria: hakuna kufomati kadi ya mteja kabla ya kumuuliza, na kabla ya kunakili vilivyomo kwenye ordinateri. Kazi hiyo haidai intaneti. Faili kubwa inaweza kukatwa vipande kwa 7-Zip, programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye Windows XP, ikasafirishwa kwa flashi ya FAT32 na kuunganishwa upya kwenye diski ya ordinateri, kama diski hiyo ni NTFS. Kwa simu, afadhali kuchagua mchezo mdogo: diski ya PSP haikuzidi giga 1.8, kwa hiyo michezo yake inaingia bila kufomati chochote.

Wazazi nao wasiwaachie watoto kadi ya familia. Aliye na uwezo anunue kadi ndogo ya pili kwa ajili ya michezo. Asiye nayo aombe picha za karatasi zake zitumwe kwa ndugu wawili au watatu wanaokaa sehemu mbalimbali.

Na ordinateri ikiuliza kufomati, jibu la kwanza ni hapana.